Jina la Waiyego

Saa kumi na mbili jioni, fundi Chepkorir alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Wamucii, mtaani West Indies, akiunganisha simu ya zamani ya mezani na kisanduku cha intaneti. Ng'ang'a, mume wa Wamucii, alikuwa kazini Qatar. Sasa angepiga simu nyumbani kupitia intaneti.

Simu ilikuwa ya Waiyego, mamake Ng'ang'a, aliyezikwa mwaka jana. Marehemu hasemwi vibaya, lakini aliyetuachia msemo huo hakuishi na Waiyego. Mama mkwe huyo alimfukuza Wamucii usiku wa mvua akiwa na mimba ya kwanza, na mimba ikatoka. Ndiyo maana binti aliyezaliwa baadaye hakupewa jina la nyanya mzaa baba, kama desturi inavyotaka. Alipewa la mamake Wamucii: Shiko.

Simu ikalia.

"Ni Ng'ang'a, amewahi," Wamucii akasema, akainua mkonga.

Pumzi nzito... Kisha harufu ya ugoro aliokuwa akinusa Waiyego.

"Mjukuu wangu mnamwita nani?"

Wamucii akaurudisha mkonga. Chepkorir akachomoa nyaya zote.

Ikalia tena.

"Mama Shiko, hii haiko kwa stima," fundi akanong'ona. "Usishike."

Kochini alikolala Shiko, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Wamucii akamkumbatia. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi. Wamucii aliogopa, mtu asikudanganye, lakini hasira yake ilizidi woga. Akashika simu.

"Mpe jina langu, ama nimchukue."

"Ukimchukua huyu, sizai mwingine. Na Ng'ang'a ndiye mtoto wako wa pekee. Ni nani ataitwa Waiyego? Utasahaulika kabisa, Mama."

Wamucii akambana mtoto kifuani.

"Anaitwa Shiko. Mwachilie."

Mtoto akapiga chafya, akaangua kilio.

"Basi nitangoja wa pili," sauti ikasema, sasa ikiwa nyonge.

"Ngoja."

Chepkorir alikuwa mlangoni tayari, mkoba begani.

"Rudisha hizo waya," Wamucii akamwambia. "Bwanangu atapiga saa mbili. Hii simu ni yangu sasa."

Hadi leo, anayepiga simu nyumba hiyo hutaja jina lake kabla ya salamu. Lakini kuna jioni ambapo Shiko huacha kucheza, akaikodolea simu macho kabla haijalia. Anayepiga hajitaji. Anapumua tu.

"Wa pili bado," Wamucii humwambia. Lakini hakati simu. Humshikia Shiko mkonga, nyanya asikie mtoto anavyojitaja jina.