Kiti cha Wapikti
Latifa alianza kulisugua lile jiwe kwa kitambaa cheupe, na alipomaliza kitambaa kilikuwa cha buluu. Akadhani ni rangi ya zamani tu. Akaongeza javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, akasugua tena mpaka kwenye nyufa, maana alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa moyo, na hapo ndipo alipojiponza.

Jiwe lilikuwa la Madame Mathilde, mwalimu mstaafu wa historia ambaye Latifa alimfanyia usafi huko Auderghem, ughaibuni alikohamia. Lilichongwa mwezi mchanga na mshale uliovunjika. Madame alimweleza kuwa ni kazi ya Wapikti, watu wa kale wa kaskazini mwa Skotilandi, ambao Warumi walisema wanajichora miili. "Na inasemekana mfalme wao hakurithi kwa baba," aliongeza. "Kiti cha enzi kilishuka kwa upande wa mama." Latifa alicheka. Kwao Buyenzi, Bujumbura, wanaume wasingekubali mchezo huo.

Siku ya Ijumaa, mchoro wa mwezi wa jiweni ulijitokeza mkononi mwa Latifa, wa buluu, chini ya ngozi, hautoki kwa sabuni. Jumapili nyumba yao ya Molenbeek, katika jiji lile lile, ilinuka majani mabichi na damu ya kondoo, na mchana kweupe, Latifa akipakua wali, mumewe Kassimu alimsikia akinguruma kwa lugha ambayo si Kirundi, si Kifaransa, si ya mtu yeyote aliye hai, huku michoro ikimpanda shingoni, ikipita kidevu, ikimtafuta macho.

Akaitwa Fundi Djibril, mtoa majini, aliyekuja na ubani wake na kiburi chake. Binti yao Imani, wa miaka tisa, akafungiwa chumba cha pili.

"Huyu ni kiti chako?" Djibril aliuliza. Ndivyo mafundi wanavyomwita mtu aliyekaliwa na jini.

"Ni kiti changu," mdomo wa Latifa ulijibu.

"Toka."

"Nikitoka, nipite njia gani?"

Djibril alizoea majini ya kudai marashi na mbuzi. La kuomba ruhusa hakuwahi kukutana nalo, akajiona ameshinda. "Bon, haya. Pita kwa desturi ya kwenu."

Latifa, huko ndani alikobanwa, alielewa. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na mdomo ambao haukuwa wake tena ukatabasamu.

Michoro ikafutika. Kassimu alilia kwa furaha, akamshika fundi mikono. Latifa peke yake ndiye aliyekimbilia chumba cha pili.

Imani alikuwa ameketi kitandani, wa buluu hadi kwenye kope.

"Papa Djibril, mutoe kwa mutoto," Latifa alinong'ona. "Arudi kwangu."

"Kiti hakirudi kwa mama," Imani alijibu kwa sauti nzito. "Kinashuka tu. Na huyu hana binti. Mkinitoa, natoka na roho yake."

Djibril alikunja mkeka wake.

"Maman Imani, mimi siwezi," alisema. "Mumulee muzuri. Akue, aolewe." Akachukua ubani wake. "Azae mutoto mwanamuke."