Shoka la Ngitilini

Mwaloni Kirumba asubuhi, pua haina kazi. Kila kitu ni samaki. Awuor alikuwa amejifunga kitenge cha njano, akichochea tanuri lake la kubanikia sangara, pale kijana mwenye shati la kijani la idara ya misitu alipokanyaga kuni zake akateleza.

"Pole, bwana miti. Umekuja kuzikamata au kuzikumbatia?"

"Nimekuja kuzipunguza," alijibu Shimba akijipangusa. "Ukijenga tanuri la udongo, utatumia nusu yake tu."

"Na hiyo nusu nyingine nikupikie wewe?"

Shimba akacheka, akanunua samaki asiowahitaji, akaacha namba ya simu.

Awuor alijenga tanuri la udongo, akawashawishi na wenzake. Shimba naye akapelekwa kijijini kwao, Misungwi, kusimamia ngitili, hifadhi ya miti ya kijiji. Ulikuwa mlima uliokatwa miti ukabaki kipara. Sasa serikali ya kijiji ilikuwa imeufunga kwa sheria ndogo, na wazee wakaufunga kwa kiapo, ili miti iote tena. Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Mwongo we!"

Lakini nyuma ya sauti ya Shimba kulikuwa na kitu. Ko. Ko. Ko.

"Nani anakata miti huko?"

"Hakuna mtu."

"Shimba, mbona nasikia shoka!"

"Usiniulize hilo, Awuor. Nakuomba."

Kila simu, shoka. Awuor akaamini kwamba huyu aliyemfundisha kubana kuni anawauzia msitu wachoma mkaa. Nami simlaumu, angefikiri nini? Alimpenda kweli, na kudanganywa na umpendaye kunauma kuliko njaa. Jumapili akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari la Kigongo, kisha bodaboda, ili amfumanie.

Alifika jua likiwa la utosi. Shimba alikuwa ameketi peke yake mpakani. Awuor hakumsalimu, akampita akaingia ngitilini. Hakuona mti uliokatwa wala kijiti kilichovunjwa. Visiki vya zamani vilikuwa vimechipua majani mabichi. Hakuna ndege aliyelia. Na pale mbele yake, mahali peupe pasipo mtu: ko. Ko. Ko.

Alirudi mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Ni nini kile?"

"Aliyeapishwa kulinda hasemi anachokisikia, ila kwa mtu wa nyumbani mwake."

"Kumbe mimi ni mtu baki?"

"Sitaki uwe mtu baki. Nataka nikuoe, Awuor. Nilipanga nije kwenu Rorya na wazee, kwa heshima, siyo hapa huku natetemeka."

Hasira zote zikamtoka Awuor, akaushika mkono wake.

"Wazee watakuja baadaye. Mimi ni wa nyumbani mwako. Sema."

"Ni baba. Mlima huu aliumaliza yeye kwa mkaa, ndio ulionisomesha. Kijiji kikamtenga mpaka akafa. Tulipoufunga tu, akaanza kukata tena. Kila siku anakata, na hakuna kinachoanguka."

Ko. Ko.

Awuor akauachia ule mkono. Akageukia vichaka, akapiga magoti majanini kama alivyowaona wanawake wa Kisukuma wakiwasalimia wakwe zao.

"Shikamoo, baba."

Shoka likakoma. Shimba akaangua kilio, maana tangu kijiji kimtenge mzee yule, hakuna aliyekuwa amemsalimia.