Chupa Aliyoipeleka Peke Yake

Walikutana sokoni Kotokuraba, wameshika taa moja. Araba Quansah aliitaka kwa jukwaa la kikundi chao cha maigizo. Fiifi Amissah, fundi umeme, aliitaka kwa mteja.

"Dada, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Kuiona ndiyo kuilipia?"

Ikaanzia hapo. Baada ya miezi minne Fiifi ndiye aliyewasha taa za kikundi cha Araba, na wauza samaki walikuwa wameshawaoza midomoni mwao.

Kisha Fiifi akaboronga, sitamficha. Alipiga pasi shati, akanunua chupa ya jini, akaenda peke yake kwa Wofa Ansah, mjomba wa Araba na mkuu wa ukoo. Sisi Wafante hatujipigii hodi ya posa; wazee ndio hubeba kinywaji, na wazee ndio husema. Fiifi alilijua hilo tangu utotoni. Ila wajomba zake wa mji wa Axim walimnunia tangu matanga ya baba yake, naye akajidanganya kwamba siku hizi chupa ni chupa.

Wofa Ansah aliipokea, akashukuru, akawamwagia wahenga tone, akauliza habari za mvua. Fiifi akarudi akipiga mluzi. Hakumwambia Araba, alitaka asikie habari kwa watu wa nyumbani kwao. Basi yeye akasubiri jibu, na Araba akasubiri posa. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Jumatatu moja simu ya Fiifi ikalia.

"Fiifi, Jumamosi watu wa Brew wanakuja kunichumbia. Yule mwenye maghala ya samaki. Wewe umekaa tu?"

"Mpenzi, usinitanie. Mjomba wako alishanijibu kwa kunyamaza. Nimeelewa."

"Amekujibu nini? Fiifi?"

Fiifi alikuwa ameshakata simu. Araba alipiga mara saba, Fiifi hakupokea.

Alhamisi saa kumi alasiri ukumbi ulijaa pomoni. Kikundi cha Araba kilicheza ule mchezo wa Kwamena, wa kuchekesha, mkongwe kuliko wazazi wetu. Bibi zetu huyatamka maneno kabla ya waigizaji. Watu huniuliza kwa nini tunaurudia. Nyie kaeni tu muone. Kwamena aliingia peke yake na chupa yake, akaketi, akaanza kujisifia mwenyewe kwa wakwe. Mjomba wa binti akainywa chupa yote, akafuta midomo.

"Asante kwa kinywaji, mgeni. Hivi ulikuja kwa shida gani vile?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Wofa Ansah, mstari wa mbele, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya nguo yake. Fiifi, mkono kwenye swichi, hakumwondolea macho. Taa iliyotakiwa kuzimwa haikuzimwa. Araba, jukwaani na gauni lake jekundu la maigizo, aligeuka, akamwona Fiifi uso, akaelewa.

Nyuma ya pazia Araba alimshika shati.

"Ulienda peke yako?"

"Nilienda."

"Mjinga wewe. Mjinga wangu."

"Alijua nimefuata nini, Araba. Umemwona anavyocheka?"

"Nenda Axim."

"Hawanitaki."

"Wapigie magoti. Keshokutwa saa nne asubuhi wawe kwetu. Ukichelewa, mimi ni mke wa Brew."

Jumamosi ilipambazuka na mawingu mazito. Araba aliketishwa katikati ya sebule, kitambaa cha kente begani, shanga shingoni. Tangu jana simu ya Fiifi haikuwa ikipatikana. Wazee wa Brew walikuwa wameketi, chupa zao sita mezani. Kwetu binti huulizwa mara tatu, na jibu la tatu ndilo linaloshika.

"Araba," Wofa Ansah aliuliza, "tukipokee kinywaji hiki?"

Mama yake alimtazama. "Kipokeeni," Araba akasema.

"Nauliza mara ya pili."

Aliutazama mlango. Hapakuwa na mtu. "Kipokeeni."

"Mara ya tatu, na ya mwisho. Tukipokee?"

Fiifi asipokuja, atabaki bila mume na bila ukoo. Alijua.

"Hapana."

Mama yake alijifunika uso. Wofa Ansah alisogea mbele kitini. "Umesemaje?"

"Juzi ulicheka, Wofa. Ulikuwa unamcheka nani?"

Wofa Ansah akageuza uso. Watu wa Brew walikusanya chupa zao, mzee wao akatoka bila kuaga, na kwetu hilo ni baya kuliko tusi. Walipofika uani wakapishana na wageni watano waliochafuka vumbi la safari, Fiifi akiwa wa mwisho.

"Hodi humu ndani," sauti ya mzee mmoja ikasema, kwa lafudhi ya Axim.

Mwenye haki ya kuitikia alikuwa mmoja tu. Araba alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika ishirini na kitu.

"Karibuni," Wofa Ansah akasema mwishowe.

Aliwapa viti, akaipokea chupa yao, akamwoza Araba kwa Fiifi. Lakini hakumtazama mpwa wake usoni siku ile, na mpaka leo hamtazami.