Mke wa Pili wa Karani wa Reli

Treni ya Kampala ilipoingia Nakuru, hapakuwa na pa kukanyaga. Makuli walikuwa wakipayuka, kuku wametoroka kapuni, na katikati ya vurugu hiyo nasi mmoja mwembamba wa hospitali, kofia nyeupe imebanwa kwa pini na mkanda wa buluu kiunoni, alikuwa akigombana na dirisha la vifurushi. Huyo ndiye Chepkurui, binti ya Kimaiyo wa Ravine, ambaye sisi wajukuu tulikuja kumwita Kogo, yaani nyanya. Lakini mwaka huo wa 1954 hakuwa kogo wa mtu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkunga wa hospitali ya Waafrika, na ulimi wake ulikuwa mkali.

"Bwana karani, humo ndani mna sanduku letu la dawa. Limekaa juani tangu asubuhi."

"Jina?" akauliza karani bila kuinua kichwa.

"La sanduku?"

"La mwenye kulichukua."

"Andika Hospitali."

"Hospitali binti ya nani?" Sasa aliinua kichwa. Alikuwa mrefu, suti ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, tai nyeusi, na meno yenye mwanya. Chepkurui alitaka kukasirika, wapi! Kicheko kikamponyoka.

Jina lake lilikuwa Ngigi wa Karanja. Siku ya tatu simu ya wodini ililia, na Sista, yule mama wa Kizungu aliyewasimamia, akamwita Chepkurui.

"Hapa ni Stesheni ya Nakuru," sauti ikasema. "Kuna mzigo wenu."

"Mzigo gani, bwana?"

"Mzito. Una moyo ndani. Na hautolewi kwa mwingine ila kwa nasi Chepkurui."

Sista alikuwa amesimama palepale. "Una uzito gani, bwana?" akauliza Chepkurui, uso mkavu kama wa hakimu.

"Ratili mia moja na hamsini, pamoja na viatu."

Wacha! Kuanzia hapo hospitali ile ikawa inapokea mizigo kila wiki. Jumapili walitembea pamoja baada ya kanisa, yeye na gauni lake la maua, Ngigi na kofia mkononi. Jambo moja tu lilimkera Chepkurui: tangu Februari alipomvisha pete, Ngigi hakuwahi kumkaribisha chai nyumbani kwake kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli.

"Unaficha nini huko?"

"Fujo, mpenzi. Chumba cha kapera utakikimbia."

Hiyo ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwaogopa wapiganaji wa msituni, na Mkikuyu hakuweza kutoka Nakuru kwenda popote bila kibali. Ngigi aliomba kibali, akaenda Ravine kujitambulisha kwa Mzee Kimaiyo. Mzee, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimtazama kutwa nzima. Jioni akamwita binti yake kando.

"Sina ugomvi na kabila la mtu," akasema. "Lakini sikukulea uwe mke wa pili wa mtu. Mama yangu alikuwa wa pili, najua alikula nini. Pete, cheti, kanisani. Ukinivunjia hilo, usirudi hapa."

"Baba, Ngigi hana mke."

"Basi vizuri."

Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili ya kwanza. Yakasomwa ya pili. Julai ilikuwa imeingia na baridi yake, na Chepkurui alikuwa akishona gauni.

Jumatano asubuhi aliletwa wodini mwanamke wa Kikuyu, bado kijana, ameshika kiuno, amejifunga blanketi. Chepkurui alifungua kitabu.

"Jina lako, mama?"

"Wariara."

"Jina la mume?"

Mwanamke alisita. "Ngigi wa Karanja. Karani wa reli. Tunakaa landhi, nambari kumi na nne."

Kalamu ikasimama. "Umesema nani?"

Wariara alidhani anaombwa ushahidi. Akafungua fundo la leso, akatoa pasi yake ya serikali, ile ruhusa ya Mkikuyu kukaa mjini. Ilikuwa na picha, muhuri, na maandishi ambayo Chepkurui aliyasoma mara tatu: Mke wa Ngigi wa Karanja. Tarehe ilikuwa ya Februari.

Lo! Februari ndipo alipovishwa pete. Akashika ukingo wa meza. Alitaka kupiga kelele, akatamani kuikunjakunja ile pasi aitupe dirishani. Lakini mwanamke akaguna, maji yakamwagika sakafuni, na mtoto hangoji mkunga amalize kushangaa. Chepkurui akaandika jina la mume kama alivyoambiwa. Akanawa mikono.

"Haya, mama. Panda kitandani."

Alimzalisha akiwa ameuma meno. Saa mbili nzima alimpangusa jasho mwanamke ambaye, kwa alivyojua, alikuwa akilala na mchumba wake. Alimtazama shingo, akamtazama mikono, akajiuliza kama ndiyo mikono Ngigi anayoishika. Haki ya Mungu, hakuna adhabu kama hiyo.

Kisha uchungu wa mwisho ukaja, na Wariara akapiga ukelele uliotikisa madirisha.

"Ndung'u! Ndung'u wee, umeniua! Ukirudi utaniona!"

Chepkurui alibaki ameduwaa, mikono hewani. Wakunga wanajua jambo moja ambalo halimo vitabuni: mwanamke aliye katika uchungu hamtukani mwanamume asiyehusika. Alikuwa amezalisha mamia, na kila mmoja alimlaani yule yule aliyemtia mimba. Ndung'u? Ngigi alikuwa na kaka aitwaye Ndung'u, dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu huko Dundori. Sasa hili nalo ni jambo gani tena?

Mtoto wa kiume alitoka akilia. Chepkurui alimfunga shuka, akainama.

"Ndung'u ni nani?"

Wariara alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alitazama uso wa Kikalenjin mbele yake, uso kama wa askari wengi wa serikali, akageukia ukuta.

Saa saba Ngigi aliingia na chupa ya uji kwapani. Alipomwona aliyesimama mlangoni, rangi ilimtoka.

"Hongera," akasema Chepkurui. "Mkeo amepata mtoto wa kiume."

"Chepkurui, mpenzi, nisikilize."

"Nimekusikiliza miezi sita. Niambie moja tu: huyo ni mke wako au ni mke wa Ndung'u?"

Ngigi aliangalia ukumbi huku na huku, akamvuta nyuma ya matangi ya maji. Maneno yalimtoka kwa kunong'ona. Ndung'u alikamatwa Februari, akapelekwa kizuizini Manyani. Siku hiyo hiyo bwana shamba alimfukuza Wariara, na lori la kupeleka watu rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, lilikuwa tayari linawasha injini. Mke wa mtu aliyefungwa hakupewa pasi. Mke wa mtu mwenye kazi mjini alipewa.

"Karani wa pasi aliniuliza, huyu ni nani wako? Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja tu. Nikasema ni mke wangu. Tangu siku hiyo yeye analala chumbani kwangu na mimi nalala sakafuni kwa Kemboi, jirani. Muulize Kemboi, atakwambia ninavyokoroma."

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Kaka yako Kimutai ni askari, Chepkurui."

"Kwa hiyo?"

Ngigi aliihamisha chupa ya uji kutoka kwapa hili hadi lile.

"Sema! Ulidhani nitakwenda kumwambia." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Hapo ndipo uliponimaliza. Pasi ningeielewa. Lakini unataka kunioa, nawe unaniona mdomo wazi! Usinipigie simu tena. Stesheni isiwe na mzigo wetu wowote."

Akavua pete, akaitia mfukoni mwa koti la kaki la Ngigi, akarudi kazini.

Kesho yake, watu wakinywa chai, viatu vya askari vikasikika ukumbini. Inspekta wa Kizungu, kijana wa soksi mpaka magotini, aliingia na askari wanne. Mmoja wao alikuwa Kimutai.

"Nasi!" akaita inspekta. "Hii mwanamke iko bibi ya nani?"

Wariara alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka kichanga kikalia.

"Mtu ameleta habari," akaendelea inspekta. "Anasema hii bibi ya Ndung'u, ile iko Manyani. Kama ni kweli, lori iko nje. Na karani yule amedanganya serikali, atakwenda Manyani pia."

Kimutai akapiga saluti, uso unang'aa. Maskini, alidhani anamsaidia dada yake. "Afande, huyu nasi ni dada yangu. Yeye ndiye anayeolewa na Ngigi. Wametangazwa kanisani mara mbili."

Inspekta akacheka. "Basi imekwisha! Mtu ya kanisa anaoa bibi moja. Kama bibi ni wewe, hii si bibi. Kweli, nasi?"

Chepkurui hakuhitaji hata kusema. Kunyamaza tu kungetosha, na jina lake lingebaki safi. Lori lingeondoka na mtoto wa siku moja katika baridi ile ya Julai, na Ngigi angefuata pingu mkononi. Upande wa pili alimwona baba yake, na sauti yake ikamjia masikioni: usirudi hapa. Aliogopa, msidhani hakuogopa.

"Ni mke wake," akasema. "Nimeandika mimi mwenyewe kitabuni."

"Na wewe je?"

"Mimi ni wa pili."

Kikombe cha mtu kikaanguka. Kimutai alimkodolea macho kana kwamba amemwona mfu akitembea. "Dada! Unajua unasema nini? Baba atakufa!"

"Umesikia. Kama bwana hakuelewa, mtafsirie."

Inspekta alisoma kitabu, akasoma pasi, akatikisa kichwa, akasema jambo la dharau kuhusu Waafrika na wake zao. Wakaondoka. Wariara alimshika Chepkurui mkono akaubusu, naye akauondoa. "Lala, mama. Una homa ya maziwa," akasema kwa ukali, kisha akaingia stoo ya mashuka akalia mpaka akashikwa na kwikwi.

Mchana simu ililia.

"Hapa..." Sauti ilikatika. Ngigi alikuwa akilia, karani mzima, mbele ya abiria. "Wariara amenitumia habari. Chepkurui, umefanya nini?"

"Acha kelele, bwana karani. Mbele ya serikali una wake wawili, na hujaoa hata mmoja."

"Nisamehe. Nilikukosea, nilikuona kama watu wengine. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakucheleweshea mpaka nizeeke. Sasa njoo unioe, kabla sijapata akili."

Wakaoana mwezi huo kwa mila, mbele ya karani wa DC, mkuu wa wilaya. Karani aliuliza, mke wa ngapi? Chepkurui akajibu wa pili, kwa sauti ya kusikika. Gauni lake halikuvaliwa. Kanisa lilifuta jina lake kitabuni, na wanawake aliokuwa akiimba nao wakawa wanavuka barabara wakimwona.

Mzee Kimaiyo alikuja mara moja, akasimama langoni mwa hospitali na koti lake la kanisani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

Hakuuliza la pili. Akageuka. Chepkurui alimwangalia mpaka kofia yake ikapotea kwa watu, na kwa miaka minne barua zote alizoandika Ravine zilirudi bila kufunguliwa.

Mapema mwaka wa 1959 Ndung'u aliachiliwa. Alishuka treni akiwa amekonda, amebaki koti na mifupa. Aliposimuliwa yaliyopita aliuliza jambo moja tu, Ravine ni wapi. Alikwenda na Wariara na mtoto wake wa miaka minne, akasimama uani kwa Mzee Kimaiyo.

"Mzee, huyu ni mke wangu, na huyu ni mwanangu. Hajawahi kuwa mke wa ndugu yangu. Binti yako hakuwa wa pili wa mtu yeyote."

Mzee alishika nguzo ya nyumba.

Kesho yake basi la asubuhi lilimshusha mzee Nakuru. Chepkurui alikuwa akiandika wajawazito alipoona kivuli mezani. Alipoinua uso, kalamu ikamponyoka.

"Mbona hukuniambia?" akauliza mzee. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Ungeulizwa, baba."

"Na nani?"

"Na Kimutai. Na mchungaji. Na inspekta. Wewe hujawahi kusema uongo tangu nikujue. Ungesema kweli, na yule mtoto angepanda lori."

Mzee akakaa kwenye benchi, katikati ya wajawazito waliomtumbulia macho, kofia juu ya magoti.

"Una watoto?"

"Wawili, wa kiume. Wa kwanza ni Karanja. Wa pili ni Kimaiyo."

"Kimaiyo?" Aliruka kama aliyechomwa. "Ulimpa jina langu nami sisemi nawe?"

"Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu wa upande wa mama. Ngigi hakuuliza kama babu amekasirika."

Hapo mzee wa kanisa alilia kwa sauti, mbele ya wanawake kumi na wawili, bila kujificha. Mama mmoja mwenye mimba kubwa akampa leso. Alipomaliza alisimama, akavaa kofia.

"Nipeleke nikamwone. Na huyo mume wako nikamsalimu."

"Ngoja mpaka saa nane, baba. Kuna mama ndani ameshikwa na uchungu."

Mzee Kimaiyo akakaa tena kwenye benchi, akangoja.