Lebo ya Mnyauko

Kaleb analima tangawizi huko Mamba, juu milimani, wilaya ya Same. Kila asubuhi, kabla ya chai, huzunguka shamba lake. Huangalia majani. Huangalia mfereji. Halafu huangalia nyayo, maana Kaleb ni mtu wa kushuku. Kuku wake akipotea, hamfikirii mwewe, anawafikiria majirani. Mke wake, Hana, alishamzoea.

Asubuhi moja alirudi na shina la tangawizi mkononi. Majani yake yalikuwa ya njano. Tangawizi yenyewe ilikuwa laini, na ilinuka.

"Mama Elinaja, tumekwisha," alimwambia mkewe. "Robo ya shamba imenyauka. Na aliyefanya nimeshamjua."

"Nani?"

"Tumainieli."

Tumainieli alikuwa jirani yao wa juu. Maji ya kumwagilia hutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji, na hugawiwa kwa zamu. Hupita kwanza kwa Tumainieli, ndipo yafike kwa Kaleb.

"Jumatatu nilimwona mferejini na gunia," Kaleb aliendelea. "Aliponiona tu, akageuza njia. Mtu safi anakimbia nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Ametia sumu kwenye maji yetu."

"Umeiona hiyo sumu?"

"Sihitaji kuiona. Ijumaa kamati ya maji inakaa. Nitamtaja mbele ya watu wote, anyimwe zamu."

Hana aliogopa. Kumnyima mtu zamu ya maji ni sawa na kumfukuza kijijini. Watoto wa Tumainieli wangekula nini? Na kama hakufanya kosa lolote, je?

"Leo ni Jumatano," alisema. "Kabla ya Ijumaa tumuulize bibi shamba."

Husna alikuwa afisa ugani wa kata, ila watu wote walimwita bibi shamba. Alifika kesho yake, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mzee Kaleb."

"Marahaba. Karibu."

Husna alilikagua shina, kisha akatoa simu. Kaleb akakunja uso.

"Unatupiga picha? Unazipeleka wapi?"

"Sipigi picha, mzee. Natafuta utafiti. Siku hizi watafiti wengi wanaacha kazi zao wazi, kila mtu asome bure."

"Bure?" Kaleb alimtazama Hana, kisha simu. "Mtu ahangaike miaka mitano, halafu anipe mimi bure? Huyo anataka shamba langu."

"Wengi wameshalipwa, tena mara nyingi kwa kodi za wananchi. Kwa hiyo ni haki wananchi wasome. Shida ni kwamba tafiti ni nyingi, na mpya zinatoka kila wiki. Mtu mmoja hawezi kuzifuata zote. Basi tunasaidiana. Tuna ukurasa wetu mtandaoni. Ukikuta utafiti ulio wazi, unauweka pale na kuubandika lebo. Lebo ni neno fupi linalosema utafiti unahusu nini. Mimi nabandika wangu, bwana shamba wa Lushoto anabandika wake, mkutubi wa Morogoro wake. Ukibonyeza lebo, zote zinakuja pamoja, na mpya zinakaa juu."

"Kama msaragambo," Hana alisema. "Kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unazibuliwa."

"Ndivyo hasa, mama."

Husna alibonyeza lebo ya "tangawizi". Zikaja tafiti nyingi: za chai, za kikohozi, za kichefuchefu cha wajawazito.

Kaleb alicheka kwa dharau. "Shamba langu linaoza, wewe unanipikia chai!"

"Lebo moja haitoshi. Tuongeze 'mnyauko'."

Orodha ikapungua. Zikabaki tafiti tisa. Ya juu iliwekwa wiki iliyopita.

"Na aliyeiweka ni nani?" Kaleb aliuliza. "Hata tapeli anaweza kubandika lebo."

"Anaweza kabisa," Husna alijibu. "Endelea kuuliza hivyohivyo. Lebo inakuonyesha pa kutazama tu. Haisemi kwamba jambo ni kweli. Tunaangalia nani ameandika, amepima vipi, na kama wengine wamepata jibu lilelile."

Alifungua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ziliandikwa kwa Kiingereza, naye akawaeleza kwa Kiswahili. Zote zilikubaliana. Mnyauko ule unaletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hukaa kwenye udongo na kwenye mbegu, na husafiri na maji.

"Na maji!" Kaleb aliruka. "Si nilisema? Maji yanatoka kwake!"

"Tupime kwanza. Leteni glasi ya maji safi."

Husna alikata kipande cha shina, akakishika ndani ya glasi. Walikodoa macho. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka majini.

"Hiyo ndiyo dalili yake," alisema. "Ni mnyauko."

Kaleb aliichukua ile glasi, akapanda nayo moja kwa moja hadi kwa Tumainieli. Hana na Husna walimfuata mbiombio.

Husna alimweleza ile glasi inaonyesha nini. Tumainieli akainamisha kichwa. Aliwaongoza shambani. Nusu ya tangawizi yake ilikuwa imekauka.

"Na lile gunia?" Kaleb aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilikuwa nimebeba zilizooza. Nilizitupa mbali, watu wasione."

"Ugonjwa ulianzia wapi?" Husna aliuliza.

"Kona ile. Pale nilipanda mbegu ya kupewa."

"Alikupa nani?"

Tumainieli alimtazama Kaleb, kisha akatazama chini. "Jirani yangu. Siku ya msaragambo wa mwaka jana."

Hana alijishika mdomo. Kaleb alisimama pale, aibu imemjaa hadi masikioni.

"Nilikupa zenye madoa," alisema hatimaye. "Nzuri nilibaki nazo. Nilidhani madoa si kitu. Kumbe ugonjwa umenirudia kwa maji."

"Mimi nilidhani umeniharibia makusudi," Tumainieli alisema. "Nikanyamaza ili ujirani usife."

Ijumaa kamati ilikaa. Watu walikuwa wameshasikia kwamba Kaleb atamtaja mtu, wakajaa. Kaleb alisimama.

"Aliyeleta mnyauko kwenye mfereji huu namjua," alisema. "Ni mimi."

Kisha Husna akaeleza, na kamati ikakubali. Mimea yote yenye ugonjwa ing'olewe na kuchomwa. Tangawizi isioshwe mferejini. Shamba lililougua lipandwe mahindi kwa miaka mitatu, wala si nyanya, viazi mviringo au pilipili, maana nazo huugua. Mbegu itoke shamba lisilo na ugonjwa.

Hana alijifunza kutumia ule ukurasa. Kila Jumamosi hubonyeza zile lebo mbili na kuangalia kilichoingia. Mwezi wa tatu uliingia utafiti mpya kuhusu kusafisha majembe kabla ya kuhamia shamba jingine. Kaleb aliuliza maswali saa nzima. Kesho yake alionekana anasugua jembe.

Msimu uliofuata walipanda tangawizi kwenye kipande kipya, mbali na mfereji ule, kwa mbegu safi ya kijiji kingine. Ilitoka ngumu na nene, bila doa. Siku ya kuvuna, Kaleb alibeba gunia la kwanza hadi kwa Tumainieli, akalimwaga lote chini.

"Chagua mbegu mwenyewe," alisema.

Tumainieli alichuchumaa. Alichukua moja moja, akaigeuza, akainusa, nyingine akazirudisha. Ilimchukua muda mrefu. Kaleb alisimama kando, akasubiri hadi jirani yake alipomaliza.