Bia Moja, Glasi Moja, na Mholanzi wa Nélida

"Usimsaidie, baba. Ataagiza mwenyewe. Nimemfundisha."

Don Eleuterio Chafloque akamtii bintiye Nélida, akatulia kitini kama jaji anayesubiri shahidi. Ilikuwa Jumapili mchana, mgahawani, kwetu Chiclayo, na mshtakiwa alikuwa Joost, Mholanzi, mwenye siku mbili tu Peru, za kwanza maishani mwake. Hivyo ndivyo alivyosema.

Kwa miezi tisa alipendana na Nélida kwa simu. Kila wiki alimtumia sauti yake akihangaika na sentensi moja: "Una cerveza, por favor," yaani bia moja, tafadhali. Aliikosea kwa bidii, Nélida akaisahihisha kwa upendo. Leo baba akimkubali, pete ingetoka mfukoni kabla wali wa bata haujafika.

Mhudumu akaja. Joost akasahau kukosea. Kwa Kihispania kilichonyooka aliagiza chupa kubwa, ya baridi sana, na glasi moja.

Glasi moja, watu watatu. Akajimiminia kidogo, akampa mzee chupa, akanywa kwa mkupuo, akakung'uta povu sakafuni, kisha akamkabidhi mzee glasi. Alifanya yote bila kufikiri, kama mtu anayejikuna.

"Mwanangu, huyu ni wetu," mzee akasema, uso umemchanua.

Ni kweli, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Nélida alikuwa na miaka minne mapokezi hotelini. Hakuwahi kuona mgeni hata mmoja ambaye hakudai glasi yake peke yake. Hilo la kuzungusha glasi moja, desturi yetu Waperu, hakumfundisha Joost. Alilificha makusudi, apate kumcheka.

Alingoja hasira. Ikaja ganzi, kama ya mdomo uliotoka kung'olewa jino.

"Nani alikufundisha kunywa hivi?"

"Si wewe, mpenzi?"

"Mimi nilikufundisha kuagiza tu."

Joost akasema aliona kwenye video. Nélida akaomba aonyeshwe. Joost akaificha simu chini ya paja, na mzee akaiweka chupa mezani taratibu.

Ndipo yakatoka yote, kwa Kihispania ambacho hata wakili angekionea wivu: miaka mitatu aliyoishi Tarapoto, huku huku Peru, na mke, Delmira, ambaye bado ni mke.

"Anajua uko wapi?"

"Anajua niko Lima, nashughulikia viza."

"Mwandikie unarudi. Basi la Tarapoto linaondoka saa kumi."

Akaandika. Jibu likaingia papo hapo, na Nélida akamwamuru alisome kwa sauti.

"Sawa, baba Nico. Mtoto anakuulizia kila siku. Nikupikie kifungua kinywa?"

"Mjibu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo. Utafika na njaa."

Don Eleuterio alikuwa ameshasimama, ngumi tayari. Nélida akamshika mkono wa shati.

"Kaa, baba. Mwenzako anawahi basi."

Mholanzi akaondoka na pete yake. Wali wa bata ukaja, sahani tatu. Nélida akamaliza yake, akaomba ya tatu ifungwe ya kwenda nayo nyumbani. Mzee hakugusa chake.

"Hulii, mama?"

"Bado."

"Utalia lini?"

Nélida akalifikiria swali kwa dhati.

"Kesho nina zamu ya asubuhi. Labda Jumanne."