Msichana wa Safu ya Nyuma

Karatasi ya mahudhurio ilionyesha kwamba Injinia hakukosa kipindi hata kimoja kwa wiki tatu. Sahihi ilikuwa yake kabisa, na ule mkia wake wa kujidai. Tatizo ni kwamba wiki zote hizo tatu Injinia hakutoka bwenini.

Alikuwa akirudia mwaka. Akifeli tena hesabu, chuo kinamfukuza, basi. Nyumbani walianza kumwita Injinia tangu siku ile barua ya kuchaguliwa ilipofika, na mama yake alilitaja jina hilo hata kwa watu wasiomuuliza. Binti wa watu alisoma mpaka kichwa kikakataa, akabaki wa kulala na kulia.

Wanafunzi wana mtindo wao wa kusainiana: mmoja akichoka, mwenzake anamwekea sahihi. Lakini Redio, mwenzake wa chumbani aliyepewa jina hilo kwa kutozimika mdomo, alishakamatwa na mhadhiri, akaapa kutomsainia mtu tena. Siku alipokataa, Injinia alijifunika shuka akasema kwa uchungu, "Basi anisainie yeyote, hata asiye mtu."

Sasa Injinia alimuuliza Redio, "Ni wewe uliyenisainia?"

"Nikusainie kwa lipi na unakuja mwenyewe?" Redio alishangaa. "Unajikalia safu ya nyuma, hata salamu hutaki. Halafu uoge, shoga yangu. Unanuka nywele zilizoungua."

Harufu hiyo Injinia alikuwa akiisikia kwenye mto wake.

Majibu ya jaribio la hesabu, ambalo hakulifanya, yakatoka: tisini na nane kwa mia. Alifurahi, tena alifurahi sana, aibu ikaja baadaye. Lakini alipofungua daftari lake hakuweza kusoma neno. Aliona mistari na vidoa tu. Hata jina lake juu ya jalada hakulitambua.

Tangu hapo, mchana kweupe, wenzake wakiwa darasani, alisikia kalamu ikiandika nyuma ya kabati, ikiandika bila kupumzika, na alipobana pumzi ili asikie vizuri nayo ilisimama, na alipopumua ikaendelea, karibu zaidi, mpaka akajua kwamba haiko tena nyuma ya kabati bali chini ya godoro, pale pale chini ya mgongo wake.

Redio ndiye aliyempigia mama simu. Mama alifika asubuhi ya mtihani wa mwisho na mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyeuliza maswali kwa utaratibu kama muuguzi wa zamu. Akafukiza chumba, kisha akaketi.

"Ulimwita kwa mdomo wako, utamtoa kwa mdomo wako," alinong'ona. "Sema: sikuhitaji, ondoka. Ukishasema, habaki."

"Na kusoma kutanirudia?"

"Kutarudi. Polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Mtihani ni saa nane leo."

"Achana na mtihani!" Mama alimshika magoti. "Injinia simtaki, mama. Namtaka mwanangu. Sema twende nyumbani."

Injinia alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini aliwaza mwaka mzima aliourudia, akawaza kurudi mikono mitupu, bila hata uwezo wa kusoma kibao cha dukani, akaona ni saa chache tu zimebaki.

"Ondoka," alisema. "Ila nikishamaliza mtihani."

Kalamu ikanyamaza. Mganga alivua miwani.

"Umemwongezea muda," alisema. "Mtihani utaisha lini, sasa ataamua yeye."

Hapo Injinia alimwona msichana akiinuka kitandani, pale pale alipokuwa ameketi yeye, mwenye gauni lake na uso wake, akichukua kalamu mezani na kutoka bila kugeuka, na mama akainuka mbio akamfuata, akimlilia, "Mwanangu, subiri, mwanangu," huku Injinia mwenyewe yupo kitandani, akipiga kelele kwa nguvu zake zote, mama, mimi niko hapa, mama, na sauti isivuke meno.

Mganga alisimama mlangoni, akakitazama kitanda kwa muda mrefu. Hakuona mtu. Akaufunga mlango taratibu, akawafuata.